Geti la rimoti Ifakara: Kinachokatwa kwenye bei ndicho kinachookoa mtoto

Ukiingia Ifakara leo kwa lami kutoka Kidatu, mwendo wa kilomita 67 hivi, utaona jinsi nyumba mpya zinavyoifuata barabara. Mji uliosifika kwa mchele, baiskeli na kivuko sasa una daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, na una kituo chake cha kupoza umeme. Mpunga ukilipa, gari linanunuliwa. Gari likinunuliwa, ukuta unajengwa. Ukuta ukisimama, geti la chuma linafuata, na siku hizi geti nalo linafuatwa na mota.

Ni raha, nani abishe? Zamani dereva alipiga honi mpaka mtoto atoke mbio jikoni, au mlinzi aamke. Sasa anabonyeza rimoti akiwa ndani ya gari, mvua inanyesha, geti linajisogeza. Fundi mzoefu anaweza kuimaliza kazi ya kufunga mota kwa siku moja, na hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya kwamba ni kazi ndogo, kama kufunga feni ya darini.

Feni ikiharibika, inasimama. Geti la mota linaweza kuharibika huku likiendelea kutembea, nalo lina uzito wa kumkandamiza mtu mzima ukutani.

Itazame karatasi ya makadirio ambayo fundi anamwandikia mteja. Kwa kawaida inakuwa na mota yenyewe, reli ya meno inayochomelewa kwenye geti, rimoti mbili, betri, macho ya sensa, vizuizi vya mwisho wa reli, waya wa ethi, kinga ya radi, kebo na paipu lake, sementi na nondo za msingi. Jumla ikionekana kubwa, mazungumzo yanaanza: "Fundi, punguza kidogo." Fundi hawezi kuifuta mota. Rimoti nazo hazifutwi, maana mama naye anataka yake. Vinavyofutwa ni macho ya sensa, vizuizi, ethi na kinga ya radi, kwa sababu geti litafunguka na kufunga vizuri tu bila hivyo. Mteja anafurahi, fundi anapata kazi, na nyumba inabaki na mashine yenye nguvu isiyo na breki wala macho.

Geti kwanza, mota baadaye

Kabla hujauliza bei ya mota, lisukume geti lako kwa mkono mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Likikwama mahali, kuna gurudumu lililokufa, reli iliyopinda au nguzo iliyoegama. Ukiliachia katikati likaanza kwenda lenyewe, reli ina mteremko. Kasoro hizi mkono umeshazizoea: unavuta zaidi hapa, unalegeza pale, maisha yanaendelea. Mota haina subira hiyo. Ikikwama, fundi aliyeitwa kwa haraka ataiongezea nguvu ili ipite, na nguvu hiyohiyo ndiyo itakayomkuta mtoto aliyesimama njiani.

Hesabu na uzito. Bati la chuma la unene wa milimita 2 lina karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Geti la urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2 linakula mita 8 za mraba, kwa hiyo bati peke yake ni karibu kilo 125, kabla hujaweka skwea paipu za fremu, maua na mikuki ya juu. Likifunikwa pande zote mbili, bati tu linafika robo tani. Mota huuzwa kwa kiwango cha uzito inaoweza kuvuta. Chagua inayozidi uzito wa geti lako kwa nafasi ya kutosha, kwa kuwa inayofanya kazi ukomoni huungua mapema.

Bonde la Kilombero nalo lina mambo yake. Sehemu zenye udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na reli iliyolazwa juu ya zege jembamba hupinda ndani ya msimu mmoja. Msingi wa reli uwe na nondo, upimwe kwa pimamaji, na uachiwe ukomae kabla geti halijapandishwa.

Halafu kuna hatari ambayo watu hawaifikirii kabisa: geti la kuteleza linaweza kuanguka. Husimama wima kwa sababu tu magurudumu ya juu yanalishika na vizuizi vya mwisho vinalizuia lisitoke kwenye reli. Ndani ya mota kuna swichi ya kikomo inayoiambia isimame, lakini swichi hiyo huchafuka, husogea, huharibika. Kizuizi cha chuma kilichozamishwa kwenye zege, kimoja kila upande, hakisikilizi umeme. Namna ya kukijaribu ni rahisi: mota ikiwa haijafungwa, watu wazima wawili walisukume geti kwa nguvu mpaka mwisho wa reli, pande zote mbili, pasiwe na mtu anayesimama upande linapoweza kuangukia. Kama linabaki wima, endelea. Kama linayumba, mwite fundi wa kuchomelea kwanza.

Alama ya maji ukutani

Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi la mota kiliandikwa Italia, Afrika Kusini au China. Kinaonyesha mota imekaa juu ya kijisahani cha zege, karibu kabisa na ardhi. Aliyekiandika hakuwahi kuona masika ya Kilombero.

Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Kwa lugha ya nyumbani, ni ardhi ambayo kazi yake ni kupokea maji yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa na Mahenge. Ndiyo siri ya mpunga wake. Masika ya 2024 yaliwakumbusha wakazi wa Ifakara kwamba mito haikuondoka mjini kwa sababu viwanja vimepimwa.

Kwa hiyo kimo cha mota hakitoki kwenye kijitabu. Kinatoka kwenye ukuta. Tafuta alama ya maji ya mafuriko ya mwisho, kwako au kwa jirani. Kama nyumba ni mpya, waulize uliowakuta mtaani. Msingi wa mota upande juu ya alama hiyo, na reli ya meno ipandishwe kwenye mwili wa geti ili ikutane na gia. Fundi atalalamika kwamba kuna kuchomelea zaidi. Kweli kupo, ila bodi ya umeme iliyolala ndani ya tope haifufuki. Kebo ya chini ya ardhi ipite ndani ya paipu bila kiungo chochote njiani, maana kila kiungo ni mlango wa maji.

Maji yakianza kupanda, zima breka ya geti yakiwa bado mbali, litoe geti kwenye mota kwa ufunguo wake na uliache wazi ili watu wapite. Baada ya mafuriko usiwashe ili "kuona kama inafanya kazi." Fundi aifungue, aisafishe, aikaushe na aipime kwanza.

Kuna wageni wengine wanaoipenda mota kuliko mwenye nyumba. Sisimizi, nyigu na mijusi huingia kwenye sanduku lake kutafuta joto na kivuli, na mjusi mmoja akilala juu ya bodi anatosha kuiunguza. Matundu ya nyaya yazibwe vizuri, na sanduku lifunguliwe mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa.

Umeme, radi na LUKU

Wilaya ya Kilombero, ambamo Ifakara imo, ndiyo yenye kituo cha kuzalisha umeme cha Kidatu, megawati 204, na kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kuna Kihansi, megawati 180. Hata hivyo, kuishi jirani na mabwawa hakumzuii mtu kukatikiwa na umeme, na LUKU ikiisha usiku wa manane, geti halijui kwamba mgonjwa anasubiri kupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Mota nyingi za nyumbani hupokea volti 230 na kuzishusha hadi 12 au 24, huku betri ndogo ikibaki imechajiwa. Betri hiyo ni ya lazima, na inachoka kila baada ya miaka michache. Penye umeme wa kusuasua, paneli ndogo ya sola inaweza kuichaji vizuri. Juu ya betri kuna ulinzi wa mwisho, nao ni ufunguo wa dharura unaoliachia geti lisukumwe kwa mkono. Katika nyumba nyingi ufunguo huo uko kwenye droo ambayo baba peke yake anaijua. Wauone wote: mama, dada wa kazi, mlinzi, bibi na watoto wakubwa. Kila mmoja alifungue geti kwa mkono angalau mara moja mchana, ili siku ya moto au ya mgonjwa asiwe anajifunza gizani.

Waya wa kutoka kwenye nyumba uwe na breka yake peke yake, pamoja na kifaa kinachokata umeme papo hapo mkondo unapovuja kwenda ardhini. Geti zima ni chuma, na watu huligusa wakiwa miguu mitupu juu ya udongo mbichi. Fimbo ya ethi iliyopigiliwa vizuri na kuunganishwa na geti ndiyo inayofanya hitilafu ya waya iishie kwenye breka badala ya kuishia kwenye mkono wa mtu. Ngurumo za Udzungwa nazo ni sababu ya kufunga kinga ya radi kwenye waya unaoingia. Radi ikianza kupiga karibu, zima breka ya mota na utumie mkono.

Kazi hii ya waya ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuchomelea geti na kuunganisha umeme ni fani mbili, na mtu mmoja akijitolea kufanya zote, muulize kwa upole akuonyeshe leseni. Hakuna fundi wa kweli anayekasirishwa na swali hilo.

Macho mawili kwa mji wa baiskeli

Macho ya sensa ni visanduku viwili vidogo vinavyotazamana kutoka nguzo hadi nguzo. Kimoja hutuma mwale usioonekana, kingine huupokea. Kitu kikiukata mwale wakati geti linafunga, mota inasimama na kurudi nyuma. Jozi moja huwekwa karibu nusu mita kutoka ardhini, kimo kinachoona gari na mtu mzima.

Sasa fikiria Ifakara ilivyo. Gari linaingia, na nyuma yake yuko kijana wa baiskeli na gunia la mchele, anataka kuwahi kabla geti halijafunga. Mwale unaweza kupenya kati ya spoku za gurudumu. Mtoto anayetambaa anapita chini yake. Jozi ya pili, chini zaidi, sentimita 15 hivi kutoka ardhini, inaziba pengo hilo. Mota nyingi zinaruhusu kuunganisha jozi mbili, na kwa mji huu jozi ya pili si anasa. Macho hayo yafutwe vumbi na tope. Buibui akitanda juu yake, geti litagoma kufunga, na mwenye nyumba asiye na subira atamwambia fundi ayakate. Kuyakata ni kurudi kulekule kwenye karatasi ya makadirio.

Usiruhusu geti lijifunge lenyewe kwa muda uliopangwa kama macho hayapo. Swichi ya ukutani iwe mahali ambapo anayebonyeza analiona geti lote, na iwe juu, kama mita moja na nusu, mtoto asiifikie. Rimoti isiwe mdoli wa kumbembelezea mtoto. Waenda kwa miguu na baiskeli wapewe mlango wao mdogo wenye bawaba pembeni. Nyumba yenye mlango huo imeshaondoa watu wengi kwenye njia ya mota.

Kisha tazama mapengo. Geti la nondo zilizo wazi huingiza mkono wa mtoto, na likitembea, mkono huo unakutana na nguzo. Funika nondo kwa wavu au bati upande unaopita kwenye nguzo. Pale geti linapoishia likifunguka, pabaki pengo la nusu mita kati ya mkia wake na ukuta, kwani huo ndio upana ambao viwango vya Ulaya vinauhesabu kuwa unatosha mwili wa mtu usibanwe. Watoto hupenda kulidandia geti likitembea, na pengo hilo ndilo linaloamua kama ni utundu au msiba.

Wengine walijifunza kwa uchungu

Marekani ilianza na milango ya mabanda ya magari, ile inayopanda juu. Kifaa cha umeme cha kuifungua kilibuniwa mwaka 1926. Miongo ilipita, watoto wakifia chini ya milango iliyoshuka bila kujua kuna mtu, mpaka sheria ya mwaka 1990 ikaingilia. Kuanzia 1993, kila kifaa kipya cha nyumbani kilipaswa kuwa na macho ya sensa au ukingo unaohisi mguso, juu ya uwezo wa mlango kurudi wenyewe ukigonga kitu.

Uingereza ilipata somo lake mwaka 2010. Ndani ya wiki moja, wasichana wawili wadogo, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitano, waliuawa na mageti ya umeme katika miji miwili tofauti. Katika kisa kimoja, kampuni iliyolifunga geti na ile iliyolihudumia zote zilitozwa faini mahakamani. Geti kufunguka na kufunga kila siku bila shida si ushahidi kwamba ni salama.

Viwango vya Ulaya sasa vinataka geti likigonga kitu penye hatari ya kubana, nguvu yake isizidi nyutoni 400, sawa na uzito wa kilo 40 hivi, tena ishuke ndani ya sekunde moja. Kupima nguvu hiyo kunahitaji chombo maalumu. Kujua kama geti lako linarudi au halirudi hakuhitaji chombo chochote.

Jaribio la mgomba

Kata kipande cha shina la mgomba, urefu wa mita moja. Kisimamishe njiani, karibu na nguzo ambako geti linaishia, kikiwa kimeegemea nguzo hiyo. Watu wote wakae mbali. Lifunge geti kwa rimoti, macho ya sensa yakiwa yamezimwa kwa muda na fundi, ili mota ijitegemee.

Geti salama litakigusa kipande, litasita na kurudi. Shina litabaki na mchubuko. Geti lililoongezewa nguvu litaendelea kusukuma. Utasikia maji ya mgomba yakikamuliwa na utaona utando wa shina ukipasuka. Hapo fundi apunguze nguvu ya mota, na kama geti halitembei tena kwa nguvu hiyo ndogo, tatizo liko kwenye reli na magurudumu, mnarudi mwanzo. Kisha macho yawashwe, na ujaribu kwa fimbo ukiwa umesimama pembeni: pitisha kwenye kila mwale geti likifunga, juu na chini. Rudia jaribio lote kila baada ya miezi michache, na kila mara fundi anapogusa kitu.

Wenye shata za maduka, au banda la gari lenye mlango wa kupanda juu, wana jambo moja zaidi. Mlango huo hubebwa na springi zilizokazwa kwa nguvu nyingi, na springi ikifyatuka huvunja mkono au kichwa. Usiiguse, usiilegeze, hata kama fundi wa mtandaoni anaonyesha ni kazi ya dakika mbili. Jaribu hili tu, kama mota ina njia ya kuitenganisha na mlango: uinue mlango kwa mkono hadi nusu na uuachie taratibu. Ukibaki pale, springi ziko sawa. Ukianguka, au ukiruka juu, mwite mwenye ujuzi kabla mota haijaguswa.

Malipo ya mwisho

Desturi yetu ni kumpa fundi kianzio, kisha anayebaki kudai ni yeye. Itumie desturi hiyo. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba sehemu ya mwisho ya fedha italipwa baada ya mambo matano kufanyika mbele ya macho yako: geti limesukumwa hadi vizuizi vyote viwili bila kuyumba, geti limeugusa mgomba na kurudi, miale yote imekatwa kwa fimbo na geti likasimama, breka imezimwa na geti likafunguka kwa betri, na watu wa nyumbani wamelifungua kwa ufunguo wa dharura. Fundi aliyefanya kazi vizuri atafurahi kuyaonyesha. Anayesema "haina haja, bosi" amekwambia mwenyewe alichokiacha.

Na bei ikizidi mfuko, yapo ya kupunguza. Acha maua ya chuma, chukua bati jembamba linalopunguza uzito na kuruhusu mota ndogo zaidi, chukua rimoti mbili badala ya nne, ahirisha taa za mapambo za juu ya nguzo. Au subiri mavuno yajayo na uendelee kulisukuma kwa mkono. Geti la mkono halijapitwa na wakati. Geti la mota lisilo na macho wala vizuizi ndilo ambalo halijafika.